Petroli Haina Mrithi Mmoja



Kila bei ya mazutu inapopanda hapa Kasumbalesa, mjadala uleule huzuka katika vikundi vyetu: mafuta ya petroli yakipungua duniani, ni kitu gani kitakachochukua nafasi yake? Mmoja husema jua. Wa pili husema Inga. Wa tatu husema betri, kwa kuwa kobalti ni ya kwetu. Wa nne hukumbuka urani ya Shinkolobwe. Wa tano huwacheka wote na kusema kwamba mafuta hayataisha kamwe. Kisha watu hutawanyika, kila mmoja akishikilia jibu lake kama shabiki anavyoshikilia timu yake.

Sisi tunasema kwamba kosa limo katika swali lenyewe. Petroli haina mrithi mmoja, wala hatapatikana. Petroli husukuma lori, huwasha jenereta ya mgodi, huendesha kinu cha kusaga mahindi, humpeleka mgonjwa hospitalini. Kila kazi miongoni mwa hizo ina mrithi wake. Anayemngoja mrithi mmoja mkubwa atangoja hadi azeeke, na katika kungoja huko wengine watakuwa wamekwisha kugawana urithi.

Je, mafuta yanaisha kweli?

Tuanze na yule anayecheka, kwa sababu ana nusu ya ukweli. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alitabiri kwamba uchimbaji wa mafuta nchini mwake ungefika kileleni karibu na mwaka 1970, kisha ungeshuka. Ulifika kileleni mwaka huohuo wa 1970, ukashuka kwa muda mrefu. Lakini baadaye Wamarekani waliendeleza ufundi wa kupasua miamba migumu iliyo chini sana ardhini, na leo wanatoa mafuta mengi kuliko nchi nyingine yoyote. Basi mafuta hayaishi kama maji ya bidoni. Yaliyo rahisi hutangulia kuisha, na yanayobaki hudai fedha nyingi zaidi na kuacha uchafu mwingi zaidi.

Hapo ndipo anayecheka anapokosea. Nchi inayonunua mafuta huishiwa siku ile mfuko wake unapokuwa mtupu, hata kama visima vya dunia vimejaa. Wazee wetu waliliona hilo. Bei ya mafuta iliongezeka karibu mara nne kati ya mwaka 1973 na 1974; punde bei ya shaba ikaanguka, na uchumi wa Zaire ukavunjika mgongo kwa miaka mingi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya pipa ilivuka dola 120, na kila familia ya mpakani iliilipa kupitia bei ya unga na ya safari.

Mtu atasema: lakini Kongo ina mafuta! Ni kweli, yanachimbwa Muanda, kwenye pwani ya Atlantiki. Huuzwa yakiwa ghafi, nasi wa kusini hununua mazutu yaliyosafishwa ng'ambo, yanayoshushwa Dar es Salaam, Beira na bandari nyingine, yakavuka nchi za watu kabla ya kutufikia. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na kisima kipya kilichoahidiwa kwenye karatasi hakijajaza tangi la mtu.

Tuwapime wanaodai urithi

Mwalimu hampimi mwanafunzi wa hesabu kwa mtihani wa kuimba. Vivyo hivyo, kila chanzo cha nishati tukiulize maswali matatu: utafanya kazi ipi, utakuwa tayari lini, na utamfikia nani?

Urani. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulitoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mwaka 1959 Chuo Kikuu cha Lovanium, chuo cha Kikatoliki huko Kinshasa, kilipata kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Kilikuwa kinu cha utafiti. Hakikuwasha mji hata mmoja, na tangu mwaka 2004 kinu kilichokifuata nacho kimesimama. Afrika Kusini ilianza kujenga kituo chake cha Koeberg mwaka 1976, nacho kikaanza kutoa umeme mwaka 1984: miaka 8, kwa nchi iliyokuwa na fedha, wahandisi na nyaya. Kuwa na jiwe mlimani hakutoshi.

Mahindi na miwa. Brazili tangu mwaka 1975 imefanya kazi kubwa ya kuendesha magari kwa kileo cha miwa, na imefaulu. Sisi tunakula bukari ya unga unaovuka mpaka kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipowapiga Wazambia, sufuria zetu zilijua. Watu wasiojitosheleza kwa mahindi hawana haki ya kuyachoma ndani ya injini.

Makaa ya mawe ya Luena ni hafifu na machafu. Gesi ya Ziwa Kivu ni mali ya kweli: kituo kimoja upande wa Rwanda hutoa megawati 26 kutokana nayo tangu miaka 10 hivi iliyopita. Lakini ziwa lile liko mbali na mpaka wetu, na litawafaa kwanza watu wa Goma na Bukavu.

Betri. Hapa tusimame kidogo, maana hapa ndipo vijana wa Katanga wanapodanganywa zaidi. Mnaambiwa kwamba nchi yetu hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, basi petroli ikiondoka sisi ndio tutakuwa wafalme. Tufanye hesabu pamoja. Lori lenye tani 30 za shaba hutumia takriban lita 40 za mazutu kwa kilomita 100. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 2,000, yaani lita 800. Lita moja ina nishati ya kilowati-saa 10 hivi. Injini hutumia vizuri yapata sehemu 4 kati ya 10, nyingine hupotea kama joto. Kazi halisi ya safari hiyo ni kilowati-saa 3,200. Betri ya kilo moja hubeba takriban kilowati-saa 0.2. Gawanyeni: betri ya safari nzima itakuwa na uzito wa tani 16. Lori litabeba betri zaidi ya nusu ya uzito wa shaba yake. Linaweza kuchajiwa njiani, naam, lakini kwa umeme gani, katika nchi ambamo takriban mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme?

Betri inaifaa pikipiki ya mjini, gari dogo, taa ya nyumba, chumba cha kujifungulia cha zahanati. Katika kazi hizo tuisifu. Ila tusiikabidhi riziki yetu. Viwanda vya China vinatengeneza betri nyingi zisizo na kobalti hata chembe. Bei ya kobalti ilianguka vibaya baada ya mwaka 2022, hata Februari 2025 serikali yetu ikasimamisha kuisafirisha nje ili kuiokoa. Anayejenga nyumba juu ya madini ambayo mnunuzi anaweza kuyaacha, amejenga juu ya mchanga.

Ndoto ya Inga

Inga ni jina ambalo wanasiasa hulitaja kama sala. Mto ule ni zawadi kubwa: wataalamu wanakadiria kwamba maporomoko yake yote yangeweza kutoa megawati 40,000 na zaidi. Sasa tuangalie kilichojengwa. Inga 1 ilizinduliwa mwaka 1972, megawati 351. Inga 2 ilifuata mwaka 1982, megawati 1,424. Tangu hapo, vijana wapenzi, wazazi wenu wamezaliwa, wamekua, wamewazaa ninyi, na Inga 3 bado ni ramani. Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye mpango huo mwaka 2016, ikarudi mwaka 2025.

Laini ndefu iliyojengwa kuleta umeme wa Inga hadi Kolwezi ina somo chungu kuliko yote. Ni yapata kilomita 1,700. Ilipita juu ya vijiji vingi bila kuwasha taa hata moja, kwa sababu umeme wa aina ile hauwezi kuchotwa njiani kwa urahisi. Ilitengenezwa ili ifike mgodini, ikafika mgodini. Deni lililipwa na taifa zima, na wanakijiji waliokaa chini ya nyaya waliendelea kuwasha vibatari. Anayeimba leo kuhusu nishati safi ya Inga bila kuuliza nyaya zitashuka wapi anatuandalia vibatari vingine.

Hatusemi Inga isijengwe. Tunasema tusiitumie kama kisingizio cha kuacha kazi iliyo karibu. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilijengwa mwaka 1930. Lilichakaa, likakarabatiwa, na mwaka 2021 likarudi kutoa megawati 78. Nzilo na Nseke, kwenye Lualaba, ni za miaka ya 1950 na maji yake yangali yanatiririka. Kutengeneza tulichoachiwa kunachukua miaka michache. Kungoja kikubwa kumekwisha kuchukua zaidi ya 40.

Mrithi wa lori

Sasa tuseme tunachokitaka, maana kukosoa peke yake ni kazi rahisi. Kazi kubwa kuliko zote ambayo mazutu hufanya mbele ya macho yetu ni kubeba mizigo. Nchi yetu sasa hutoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka. Kama yote ingepakiwa kwenye malori ya tani 30, ni safari zaidi ya 80,000 za kutoka, bila kuhesabu asidi, chokaa, mashine na mazutu yenyewe yanayoingia. Hata tukiondoa inayopitia Sakania na Lobito, inayobaki ndiyo hii foleni tunayoijua, na mavumbi na moshi ambao watoto wetu huvuta wakienda shule.

Mrithi wa kazi hii anajulikana. Alikwisha kuishi hapa. Reli ilifika Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mwaka 1910, ikitokea kusini kupitia Sakania. Mwaka 1952, kati ya Likasi na Tenke, treni ya umeme ilianza kupita. Baadaye nyaya zikafika Lubumbashi, Kolwezi na Kamina. Babu zenu walipanda treni iliyovutwa na maji ya Katanga wakati ambapo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinachoma makaa ya mawe kwenye injini za treni zao. Leo wajukuu wanaambiwa kwamba usafiri wa umeme ni jambo la kesho, tena litakaloletwa na wageni.

Ubora wa treni hauhitaji maneno mengi. Gurudumu la chuma juu ya reli hukwama kidogo kuliko tairi juu ya lami. Ndiyo maana treni husogeza tani moja kwa theluthi au robo ya nishati ya lori. Na treni ya nyaya haibebi nishati yake mgongoni, huipokea njiani. Zile tani 16 za betri tulizozihesabu hazihitajiki tena. Ethiopia imejenga reli ya umeme hadi Djibouti. Tanzania imeanza mwaka 2024 kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Siku hizi njia ya Lobito inazungumzwa katika kila mkutano wa wakubwa, nayo TAZARA, kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, imewekwa katika mpango wa kufufuliwa. Swali letu kwao ni moja: treni hizo zitavutwa na umeme au na mazutu? Ikiwa ni mazutu, tumehamisha kamba kutoka shingo moja hadi nyingine.

Jua na msitu

Watatujibu kwamba umeme wa mito nao si wa kutegemewa, na hapo wana haki. Mwaka 2024 maji ya Kariba yalishuka hata Wazambia wakakaa gizani sehemu kubwa ya siku, na migodi yetu inayonunua umeme kwao ikawasha jenereta. Lakini tazameni kalenda yetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mito hupungua, na miezi hiyohiyo anga la Katanga halina wingu. Jua hufanya kazi wakati mto umechoka. Bwawa na jua si washindani, ni wabebaji wawili wa mzigo mmoja wanaopokezana. Na jua lina fadhila nyingine: halihitaji laini ya kilomita 1,700. Huko Goma mtandao mdogo wa jua wa megawati 1.3 huwapa watu umeme tangu mwaka 2020. Shule, zahanati na kinu cha kusaga vya mtaa vinaweza kupata umeme wa namna hiyo bila kumngoja mtu wa Inga.

Tusipopanga, mrithi atajichagua mwenyewe, naye tayari tunamjua: ni makala. Umeme ukikatika, mama huwasha mbabula. Gesi ikiwa ghali, mama huwasha mbabula. Hivyo miombo inayozunguka Lubumbashi na miji ya mpakani inarudi nyuma kila mwaka, na gunia la makala linatoka mbali zaidi. Anayedhani kwamba kupungua kwa mafuta kutatuleta moja kwa moja kwenye nishati safi aende sokoni aulize bei ya gunia. Watu wakinyimwa kilicho bora hukata kilicho karibu.

Na riziki ya Kasumbalesa?

Kuna pingamizi moja ambalo hatutalikwepa, kwa sababu linagusa meza za nyumba zenu. Kasumbalesa imekua kwa ajili ya malori. Dereva, utingo, mama muuza chakula, mbadilisha fedha, kijana anayeuza petroli kwa chupa barabarani, wote hula kutokana na foleni. Tena reli haipiti kwetu. Inavuka mpaka Sakania. Je, tunawaombea vijana wetu njaa?

Hatutawadanganya: baadhi ya kazi hizo zitapungua. Lakini foleni si shamba. Inategemea bei ya mazutu, amri ya forodha, na barabara nyingine inayofunguliwa kwingine. Siku wakubwa watakapoona njia ya Lobito ni nafuu zaidi, hawatatuuliza. Kijana aliyejifunza kuunganisha nyaya, kutengeneza mota, kufunga paneli za jua na kuzitunza hatabaki mikono mitupu siku hiyo. Kijana aliyejifunza kungoja foleni tu ataondoka nayo. Kwa hiyo tunazitaka shule zetu za ufundi ziweke mafunzo hayo sasa, kabla malori hayajapungua, na tunaitaka migodi ichangie gharama zake, kwa kuwa ndiyo inayotumia barabara kuliko wote.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba nishati zinazochafua, makaa ya mawe na mafuta, hazina budi kubadilishwa hatua kwa hatua na bila kukawia. Akakubali pia kwamba katika kungoja tunaweza kulazimika kuchagua lenye madhara madogo. Tunasoma humo mambo mawili. Anayewasha jenereta leo ili chanjo zisiharibike hana hatia. Lakini anayeona njia ya kubadilisha na kukaa kimya kwa sababu anafaidika na mazutu, huyo anawala wenzake.

Basi mjadala wenu ukianza tena, msikubali kuulizwa ni kipi kitakachoshinda. Dai letu lina sehemu tatu: shaba ya Katanga iondoke kwa treni ya umeme, mabwawa ya zamani yatengenezwe kabla ya kuahidiwa mapya, na kila laini ya umeme inayopita juu ya mtaa au kijiji ishuke kwanza kuwawashia waliomo. Dunia inataka shaba yetu na kobalti yetu ili iachane na petroli. Tuna haki ya kuiuliza kwa nini sisi tunaozichimba tubaki na moshi na makala.

*Maswali ya kujadili katika kikundi*

1. Katika mtaa wetu, mazutu na petroli hufanya kazi zipi? Andikeni orodha, kisha mtaje mrithi wa kila kazi.
2. Ni kazi zipi katika orodha hiyo zinazoweza kupata mrithi ndani ya miaka 5, kwa nguvu zetu wenyewe?
3. Reli ikichukua shaba yote na malori yakapungua, nani atapoteza Kasumbalesa, na parokia itamsaidiaje kujifunza kazi nyingine?
4. Tukikutana na kiongozi anayetuahidi Inga, tumwombe nini kwanza?